Mwaka Simba Alipomnunia Mtani Wake

Sikieni, wenye masikio. Asiye nayo akaazime kwa Sungura, anayo ya ziada.

Zamani hizo mvua iliisusa nchi ya Mbugani. Wingu lilikuja, likachungulia, likajiondokea kama mgeni aliyeona chungu hakijainjikwa. Mto ukawa mchanga, bwawa likawa tope, na tope nalo likakauka. Kiboko alihama bila kuaga, akaacha na madeni ya watu.

Maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ya Nyani. Chemchemi hiyo ilikuwa ng'ambo ya Korongo, kwenye majabali, nchi ya wenyewe, na huko Simba hakuwa na amri hata ya kumfukuza nzi. Hata hivyo wanyama wa Mbugani walivuka kila asubuhi, wakanywa, wakarudi, na hakuna aliyewauliza. Sababu ilikuwa utani.

Mababu wa pande zote mbili waliwahi kupigania chemchemi ile mpaka wakachoka, na walipochoka wakakuta tembo wapita njia wamekunywa maji yote wao wakiwa wanang'oana meno. Wakaapa. Tangu siku ile watatukanana kwa midomo tu, meno wayaweke kwa chakula. Mtani atakutania popote, na msibani ndiyo zaidi. Atamkejeli marehemu, atakalia kiti cha mfiwa, atachukua kitu cha nyumba ile aende nacho kwao. Ukikitaka kitu chako, mfuate mwenyewe, umtukane, akurudishie, mnywe maji mcheke. Sharti kubwa lilikuwa kwamba mtani hanuniwi. Anayenuna ndiye mwenye kosa.

Sasa Mbugani kulikuwa na baraza, na baraza lilikuwa na pande mbili. Kivulini walikaa Wanamila, wahafidhina wenyewe, waliosema kila siku, "Tulivyokuta ndivyo tutakavyoacha." Mkubwa wao alikuwa Mzee Nyati, mwenye maneno machache na shingo nene. Juani walikaa Wanamageuzi, vijana wa ukoo wa Swala, waliotaka kila kitu kibadilike, kuanzia na nani anakaa kivulini. Simba alitawala kwa sababu Wanamila walimtaka, na Wanamila walimtaka kwa sababu hata baba yake alikuwa Simba.

Katika Wanamila wote hakuna aliyemfikia Mama Kibonge kwa kushika mila. Huyu alikuwa Ngiri, na Ngiri mnamjua tabia yake. Akishtuka hukimbia mkia juu, na akifika mbele kidogo husahau anachokikimbia, akasimama akala majani. Mama yake alikuwa hivyo, bibi yake alikuwa hivyo, naye alijivunia kwamba hata hiyo ni mila. Mwanawe Kibonge alizaliwa mnene, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kiangazi kikala unene, kikaacha jina. Kila asubuhi mama alimvusha Korongo akanywe, na bila safari hiyo mtoto yule hakuwa na maisha.

Basi, mama yake Simba akafariki kwa uzee. Mbugani ikajaa kilio, na watani wakaja kama inavyotakiwa. Mbele yao alikuwa Bi Nyani, mkubwa wa Nyani wote, mwanamke ambaye mdomo wake haukuumbiwa kifuniko.

Bi Nyani hakupoteza muda. Alijizungushia majani makavu shingoni kama manyoya ya Simba, akapanda kwenye jiwe la mfalme, akatunisha kifua, kisha akaangua kilio. "Uwiii, mama yangu! Nani ataniwindia sasa? Mimi kazi yangu kunguruma tu!"

Msiba mzima ukavunjika mbavu. Mzee Nyati alicheka kimya kimya, mabega yakimtikisika. Swala walianguka chini. Mama Kibonge alicheka mpaka akajamba, kisha haraka haraka akamfinya Kibonge na kumkaripia, "We mtoto, huna adabu, msibani?" Fisi ndiye aliyecheka kuwashinda wote, hi-hi-hi-hiii, akashika mti asianguke. Hata Simba midomo ilimcheza kabla hajaikaza.

Kisha Bi Nyani akaunyakua usinga wa mfalme, ule wa kufukuzia nzi, uliotengenezwa kwa mkia wa Twiga mmoja ambaye hakuulizwa. "Ukiutaka," alimwambia Simba, "kwangu unakujua." Akaondoka akitikisa makalio.

Kesho yake Simba alitakiwa avuke akautukanie usinga wake. Aliamka mapema, akakaa juu ya jiwe, akatafuta tusi. Hakupata. Msimshangae, tangu azaliwe hajawahi kuhitaji tusi, akifungua mdomo tu watu hukimbia. Jua likapanda, nzi wakamtua puani, na moyoni akaona haya kwenda kushindwa na Nyani mbele ya watu. Fisi akamkuta hapo.

"Mtukufu, nzi wamekutua puani."

"Nawaona."

"Zamani walikuwa hawathubutu." Fisi akashusha sauti. "Wanasema mfalme asiye na usinga ni paka aliyekua tu."

"Nani anasema?"

"Mimi siwezi kumtaja mtu, Mtukufu. Lakini ni wote."

Simba akamgeukia. "Si ulikuwa utani?"

"Utani ni wa akina sisi," akasema Fisi. "Mfalme hataniwi. Mfalme anadharauliwa. Na anayemdharau ni mgeni, wa nchi nyingine, ng'ambo ya Korongo! Wewe huna haja ya kutafuta tusi, Mtukufu. Wewe una haja ya heshima yako."

Simba alilipenda neno hilo. Lilikuwa zuri, na tena lilimwondolea kazi ya kutafuta tusi.

Msidhani Fisi alikuwa na uchungu na usinga. Fisi naye ana tabia yake moja, na makazi yake ni tumboni. Kiangazi kimekaza, na bado wanyama hawafi, kisa chemchemi. Fisi alilitazama jambo hilo kama uharibifu wa chakula.

Baraza likaitwa. Fisi, ambaye siku zote alikaa ukingoni mwa kivuli, mkia kivulini kichwa juani, akasimama katikati.

"Ndugu zangu Wanamila! Kuna nchi ya kigeni inamcheka mfalme wetu! Mama yake hajapoa kaburini, wanamvamia, wanamwibia! Leo usinga, kesho jiwe lake, keshokutwa watoto wenu! Mtavumilia?"

"Hatuvumilii!" wakaitikia. Sauti ya Mama Kibonge ilisikika kuliko zote.

Mzee Nyati akainuka polepole. "Fisi, yule ni mtani. Aliyoyafanya ni mila, tena ndiyo mila kubwa kuliko zote tulizoachiwa. Tukimnunia mtani, sisi ni Wanamila wa mila gani?"

Wengine wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Fisi akaona mambo yanageuka.

"Mzee, shikamoo," akasema kwa unyenyekevu. "Nina swali dogo tu. Siku ile ya msiba, ulicheka, hukucheka?"

"Nilicheka. Si mtani kachekesha? Hata wewe ulicheka, nusura uanguke ukashika mti."

"Mimi nilikuwa nalia," akasema Fisi. "Kilio cha ukoo wetu ndivyo kilivyo." Akawageukia wenzake na kupaza sauti. "Mmesikia wenyewe! Amekiri! Mkubwa wa Wanamila anamcheka mfalme wake pamoja na wageni! Nani mwingine alicheka? Ajitokeze!"

Baraza likanyamaza kama limemwagiwa maji, ingawa maji yenyewe hayakuwepo. Kila mtu alimtazama mwenzake, na kila mtu alikumbuka alivyocheka. Mama Kibonge akatazama kwato zake. Akaona njia ya kutokutiliwa shaka ni kuwahi.

"Mimi sikucheka!" akapiga kelele. "Nyati nje! Kibaraka wa Nyani!"

"Nje! Nje!" wakadakia wote. Mzee Nyati akatolewa kivulini, na Fisi akawa mkubwa wa Wanamila. Mama Kibonge akazunguka uwanja mara mbili kwa shangwe, mkia juu, na aliposimama hakukumbuka alikuwa anashangilia nini.

Tangu siku ile mambo ya Mbugani yakageuka miguu juu. Zamani, ukitaka kuwa Mwanamila uliulizwa, "Unaheshimu mila?" Sasa uliulizwa, "Ulicheka?" Kununa kukawa ndiyo siasa. Wanamila walitembea wamevuta midomo mpaka wengine wakawa hawawezi kutafuna vizuri. Na Wanamageuzi nao, wale wale Swala waliokuwa wakiuita utani ushamba wa mababu, ghafla wakawa mabingwa wa utani, maana Fisi kaukataa. Walitaniana asubuhi, mchana na jioni, tena vibaya, hawakuwa na mazoezi. Mzee Nyati akawa hana pa kukaa. Kivulini wamemfukuza, na juani hawezi kwenda, mabadiliko yanampa kizunguzungu. Akasimama peke yake pale kivuli kinapokutana na jua, akihamahama kivuli kilivyohama.

Kisha ikatoka amri kwamba hakuna kuvuka Korongo. "Nyani wameapa kumwangushia mawe kila atakayevuka," akatangaza Fisi. "Mimi mwenyewe, kwa kuwapenda kwangu, nitalinda njia." Simba akaridhia bila kumtazama mtu usoni. Fisi akaunda na kamati ya mazishi, ikitokea mtu akafa kiu. Mwenyekiti alikuwa Fisi, wajumbe walikuwa shemeji zake.

Watu wakaanza kufa. Akafa mume wa Bi Digidigi, baba mpole asiyekuwa na neno na mtu. Fisi alihutubia, akawalaani Nyani, kisha akawaambia wafiwa warudi nyumbani, kamati itazika. Akafa mwingine, na mwingine. Wanamila wote wakakonda isipokuwa mkubwa wao. Ukiona mtu ananenepa wakati wa njaa usimuulize anakula nini, wewe waite watoto wako mmoja mmoja, uone kama wanaitika.

Mama Kibonge alinuna kwa utiifu, huku mwanawe akinyauka. Alidamka alfajiri kumlambisha umande kwenye mawe. Alichimba mizizi kwa pembe zake, akaitafuna, akamkamulia mtoto mdomoni. Kibonge akaacha kucheza, kisha akaacha kulia, na hapo mama akaogopa kweli kweli. Lakini akijiuliza ni nani aliyemletea balaa hili alijijibu "Nyani," akanuna zaidi.

Adhuhuri moja Fisi akaja mpaka mlangoni kwake, na uso wa huzuni.

"Pole sana, Mama Kibonge."

"Pole ya nini? Mtoto yu hai."

"Ndiyo, ndiyo, nimewahi tu. Siku yenyewe ikifika kunakuwa na msongamano, naweza nisipate nafasi ya kukupa pole vizuri." Fisi akachungulia ndani ya shimo. Akamtazama Kibonge miguuni, macho yakapanda mapajani, yakakaa hapo. "Hapa bado pana kitu kidogo," akanong'ona.

"Umesemaje?"

"Nasema Mungu ni mwema." Mate yakamdondoka, akayafuta kwa haraka, akaaga.

Manyoya ya mgongo wa Mama Kibonge yakasimama. Alimtia mtoto mbele yake, akatoka mbio, mkia juu. Akakimbia, akakimbia, akafika mahali ambapo kila Ngiri husimama na kusahau. Akasimama. Akatazama majani makavu. Akamtazama mwanawe. Na kwa mara ya kwanza katika ukoo wote wa Ngiri, alikumbuka anachokikimbia. Alikuwa anamkimbia mkubwa wa chama chake.

Akaenda moja kwa moja kwa Sungura. Sungura hakukaa kivulini wala juani. Barazani alikaa karibu na njia ya kutokea.

"Karibu, Mama Kibonge! Bado umenuna, au uso wako ndio huo?"

"Jirani, mtoto anakufa."

"Mvushe akanywe maji."

"Fisi analinda njia. Na Nyani wanaangusha mawe."

"Hayo mawe umeyaona?"

"Fisi kasema."

"Ahaa. Na Fisi akisema wewe ni Swala, utaanza kurukaruka?"

"Sungura!" Akamsogezea mtoto mbele. "Nimekwambia mtoto anakufa."

Sungura akamtazama Kibonge, na mzaha ukamtoka usoni. Akaleta kipande cha tikiti-mwitu alichokuwa amekificha, akamkamulia mtoto mdomoni mpaka macho yakafumbuka vizuri.

"Hii ni ya leo tu," akasema. "Kesho sina. Sikia, Mama Kibonge. Simba hatamwondoa Fisi njiani mpaka amwone alivyo. Na Fisi huonekana alivyo akiona chakula. Kwa hiyo mtoto huyu afe leo kwa uongo, ili asife kesho kwa kweli."

"Nimlaze mwanangu mbele ya Fisi? Una akili wewe?"

"Nitakuwa karibu."

"Wewe? Utamfanya nini Fisi, utamkwaruza kwa masikio?"

"Na Mzee Nyati atakuwa karibu."

Mama Kibonge akainamisha kichwa. Alikumbuka nani alikuwa wa kwanza kupiga kelele za "Nyati nje." Lakini Sungura alipokwenda kumwita, Mzee Nyati aliuliza swali moja tu, "Mtoto anahema?" Akatangulia njia.

Jioni ile msiba ukatangazwa. Mama Kibonge alikwenda mwenyewe mpaka kwenye jiwe la mfalme. "Mtukufu, hakuna aliyepiga kelele kwa ajili yako kuliko mimi. Njoo unizikie mwanangu." Simba hakuwa na pa kuponea, akaja, nzi wakimfuata. Wanamila wakaja wamenuna, na safari hii uso uliendana na shughuli. Wanamageuzi nao wakaja. Kibonge alilazwa juu ya majani, ameonywa asitikise hata mkia.

Fisi akafika akihema. "Ndugu wafiwa, mtoto huyu ameuawa na Nyani! Tulaani, kisha mrudi majumbani. Kamati itazika."

"Haiwezekani," akasema Sungura. "Huyu ni mtoto wa Mwanamila shupavu. Hata sifa zake zisisomwe? Mwenyekiti, sogea hapo karibu naye, utueleze alikuwa mtoto wa namna gani."

Wafiwa wakaafiki. Fisi hakuweza kukataa. Akasogea, harufu ikampanda puani.

"Marehemu," akaanza, "alikuwa mtoto mzuri. Mtoto... laini. Alikuwa na shingo yake fupi, haina mambo mengi. Alikuwa na mbavu." Akameza mate. "Mbavu zake ndogo ndogo, zile za kutafu... za kutafakarisha. Na mapaja. Tusiyasahau mapaja ya marehemu. Kiangazi hiki chote, jamani, yale mapaja, hi... hi-hi... hi-hi-hi-hiii!"

Kicheko kikamtoka, akajaribu kukirudisha kwa mikono miwili, kikatokea kando. Alicheka mpaka machozi.

"Umecheka," akasema Simba.

"Nimelia, Mtukufu! Kilio cha ukoo wetu..."

"Kilio hicho kina mate?" akauliza Sungura.

"Basi ulikuwa utani!" akasema Fisi, jasho likimtoka. "Nilikuwa namtania marehemu, ni mila!"

"Kumbe utani bado upo? Basi Bi Nyani kosa lake nini?"

"Hapana, utani haupo!"

"Basi umemcheka mtoto wa mwenzio aliyekufa. Chagua, Mwenyekiti. Tunakungoja."

Fisi akatazama huku na huku. Wanamila wakamtazama Simba, na Simba akatazama nzi wake. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza, maana anayesema kicheko hiki ndicho kile cha msiba wa mama yake Simba ataulizwa na yeye siku ile alikuwa anafanya nini. Jambo lilikuwa linataka kupita hivyo hivyo, kimya kimya, na kesho mtoto angekufa kweli. Mama Kibonge akaona hivyo, na hasira ikampanda, hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

"Mimi nilicheka!" akapiga kelele. "Siku ya msiba wa mama yake mfalme, nilicheka! Nilicheka mpaka nikajamba, nikamsingizia mtoto!"

Kutoka kwenye majani ikasikika sauti nyembamba ya marehemu.

"Kumbe ni wewe, mama? Ukanifinya bure!"

Wacha weee! Msiba ukalipuka. Walicheka Wanamila, wakacheka Wanamageuzi, midomo iliyovutwa kiangazi kizima ikafunguka, wengine wakashika taya zikiwauma. Simba akacheka mpaka nzi wakamwogopa. Mmoja tu hakucheka. Fisi aliona chakula chake kinaamka na kujikung'uta majani, akasahau cheo, akasahau watu.

"Kirudi!" akafoka. "Ni changu! Ni cha kamati!" Akaruka na meno yake.

Mzee Nyati alikuwa pale. Pembe ilimpata Fisi kiunoni, ikamtupa mbali, na tangu siku ile kiuno cha Fisi kimeshuka hakijapanda tena. Alipojiinua, akamkuta Bi Digidigi amesimama mbele yake, mdogo kama alivyo.

"Mume wangu umemzika wapi?" akauliza.

Fisi akaanza kurudi nyuma.

"Nionyeshe tu kaburi," akasema Bi Digidigi. "Nataka kwenda kukaa hapo kidogo."

Kicheko chote kikafa. Wafiwa wengine nao wakaanza kutazamana. Fisi akakimbia na shemeji zake, na mpaka leo akicheka huchekea mbali, usiku, peke yake. Bi Digidigi akabaki amesimama. Mama Kibonge akaenda kusimama karibu naye, akalia kwa uchungu na aibu, maana kelele zilizofunga njia ya maji zilikuwa na sauti yake ndani yake.

Jua halijazama, wote wakateremka Korongo, Simba mbele. Waliangalia juu kwa woga. Halikuanguka hata kokoto. Chemchemi ilikuwa pale pale, inabubujika, na Bi Nyani amekaa pembeni anajipepea kwa usinga.

"Mbona mmechelewa?" akauliza.

Simba akakohoa. Akajitutumua, akatoa tusi alilolitafuta kiangazi kizima. "Wewe Nyani... makalio yako... hayana manyoya."

Nyani wakatazamana. "Ndiyo hilo?" akauliza Bi Nyani. "Umejifungia nyumbani siku zote hizo unapika tusi, ukaleta bichi? Jamani, mpeni usinga wake, ananitia huruma!" Nyani wakacheka, Simba akacheka, na mambo yakaisha, kama yalivyotakiwa kuisha siku ya kwanza.

Kibonge hakungoja hayo. Alikuwa amekwisha kutumbukiza uso majini mpaka masikioni.

"Lakini, Bi Nyani," akauliza Mama Kibonge, "mawe mliyoapa kutuangushia yako wapi?"

"Mawe gani?" Bi Nyani akashangaa. "Hatujaapa chochote. Kila asubuhi tuliketi hapa tukiwangoja. Tukadhani mmemfuata Kiboko. Nani aliwakataza maji?"

Kila mtu aliinama akanywa, na wengine walikunywa muda mrefu kuliko kiu yao.

Mvua ilikuja baadaye, kwa wakati wake, bila kuomba radhi. Mzee Nyati alirudishwa kivulini, akamwomba Bi Digidigi akae karibu naye. Swala walirudi kuuita utani ushamba kabla hata nyasi hazijaota. Na ukiwauliza Wanamila leo habari za mwaka ule, utashangaa. Hakuna aliyenuna. Hakuna aliyemfukuza Nyati. Wote walikuwa upande wake tangu mwanzo.

Ni Ngiri peke yake, msahaulifu wa Mbugani, anayekumbuka. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi nilinuna, tena sana." Na siku hizi akisimama mtu barazani na kupiga kelele kuhusu adui wa ng'ambo ya Korongo, Mama Kibonge hatazami ng'ambo. Anamtazama kwanza mpiga kelele tumboni, kisha anamwita mwanawe, anasubiri aitike.

Mimi niliyoyaona nimeyasema, na niliyoyaongeza yameongezeka yenyewe. Ngiri hajavaa nguo tangu aumbwe, lakini yeye ndiye wa kuulizwa maana yake: kikulacho ki nguoni mwako.